Helmeti ya Bei Kali au ya Bei Rahisi? Namjibu Fundi wa Mbale

Tangu niweke picha ya cheti changu cha 6G, ule mtihani mgumu wa kuchomelea bomba, mtandaoni, simu haipumziki. Wengi wananipongeza. Wachache wananiuliza nilimpa nani kitu kidogo, na hao sina la kuwajibu. Kijana mmoja wa Mbale ndiye aliyeuliza swali la maana: "Fundi mkubwa, nimeweka akiba ya helmeti ya otomatiki. Nichukue hii ya Kichina iliyoko dukani, au nijikaze nipate ile ya bei kali?"

Helmeti ya otomatiki ni ile ya kuchomelea ambayo kioo chake kinajitia giza chenyewe mwanga ukiwaka. Nimeona nijibu hapa, maana najua wote mnaonisoma mna ndoto moja: kuacha mageti na grili za madirisha, kuingia kwenye mabomba. Bomba la mafuta la kutoka Kabaale, Hoima, Uganda, hadi Tanga, Tanzania, ni kilomita 1,443, na tangu lianze kuzungumzwa, hakuna kijana wa kuchomelea asiyejiona yuko juu yake.

Mimi nilijifunzia kazi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kando ya foleni ya malori. Kinga yetu ilikuwa kile kioo cheusi cha kushika mkononi, na walioona kinawachelewesha walivaa miwani ya jua ya wachuuzi, wakidhani weusi wa kioo ndio kinga. Mwanga wa kuchomelea ni mjanja. Ukikupiga mchana husikii kitu, halafu saa 6 hadi 12 baadaye, umeshalala, macho yanawaka kama yamemwagiwa mchanga. Nyumbani wanakukatia viazi vibichi wakuwekee machoni. Viazi vinapoza, havitibu. Kwa kawaida macho hutulia ndani ya siku moja au mbili, yasipotulia nenda kwa daktari, na tafadhali usinunue dawa ya ganzi ya matone ujitilie mwenyewe.

Helmeti yangu ya kwanza ya otomatiki ilikuwa ya Kichina, imechorwa tai na ndimi za moto. (Sijui nani aliwaambia viwanda vya Uchina kwamba fundi hawezi kuchomelea bila tai.) Niliipenda sana. Mkono wa kushoto ulipata uhuru, nikaona ncha ya kijiti kabla haijagusa chuma, na mishono yangu ikanyooka. Kwa mageti, grili na bodi za lori, vijiti vya milimita 2.5 na 3.2, amperi 80 hadi 120, giza la kioo namba 10, ilinilisha mimi na watoto wangu. Kwa hiyo anayekutisha kwamba helmeti ya bei rahisi lazima itakupofusha, mtazame vizuri: huenda anauza ya bei kali.

Ukweli ni kwamba miale mibaya haizuiwi na lile giza linalokuja na kuondoka. Kichujio halisi, yaani kile kioo maalumu chenyewe, kinaizuia muda wote, hata betri ikiwa imekufa na kioo kiko wazi. Giza ni la kupunguza ukali wa mwanga ili uone kazi. Wala usilipie kasi. Ya bei rahisi imeandikwa inafunga giza kwa 1/25,000 ya sekunde, na ya bei kali nyingi zimeandikwa namba hiyohiyo au iliyo karibu nayo.

Basi pesa inanunua nini? Mimi nililijua jibu nikiwa nimelala chali chini ya trela. Helmeti yangu ya tai ilikuwa na sensa mbili tu, vile vijicho vinavyouona mwanga na kukitia kioo giza. Kwenye geti lililosimama wima, sensa mbili zinatosha. Chini ya chasisi, bomba la breki au ukingo wa chuma ukikaa kati ya sensa na mwanga, kioo kinafunguka katikati ya mshono na unapigwa na mwanga mweupe. Unafumba macho, mkono unayumba, mshono unaharibika, na mwenye lori amesimama pale anakutazama. Zenye sensa nne zinavumilia hilo vizuri zaidi. Na ukiingia kwenye TIG, uchomeleaji wa gesi na sindano ya tungsten, ya amperi chache, mwanga wenyewe ni mdogo na umetulia, nyingi za bei rahisi hazitambui kama kazi imeanza. Mshono wa kwanza wa bomba, ule wa chini kabisa, mara nyingi hufungwa kwa TIG. Sasa mnaona naelekea wapi.

Kitu cha pili ni uangavu. Viwango vya Ulaya, EN 379, vinakipa kichujio namba nne zilizotenganishwa kwa mikwaju, kila moja kati ya 1 na 3, na 1 ndiyo bora: ubora wa picha, mwanga kutawanyika, giza kuwa sawa kioo kizima, na giza kubaki vilevile ukitazama kwa pembe. Nyingi za bei rahisi zinazopimwa kweli zina namba 2 hapa na pale; za bei kali hujitahidi kufika 1/1/1/1. Ile ya nne waulize wanaochomelea huku shingo imepinda.

Sasa la moyoni. Kampuni moja, jina silitaji, ilituita kufanya kazi na kutuambia tuje na vifaa vyetu. Ofisa wa usalama aliigeuza helmeti yangu getini, akatafuta alama, hakuziona, akauliza mbele ya vijana niliowafundisha mwenyewe: "Mzee, hii ni ya kuchomelea au ya harusi?" Walicheka. Nilirudi Malaba na basi la usiku. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri ndiye atoe vifaa vya kujikinga, lakini kaisome sheria getini uone kama litafunguka. Kuhusu alama alikuwa na haki. Kuhusu harusi, Mungu atatuhukumu sote.

Fahali wetu aliuzwa ili nipate helmeti ya bei kali. Mama watoto hakunisemesha hadi cheti kilipofika, na sasa ndiye anayewaonyesha majirani. Nilinunua Speedglas, jina lililotoka Sweden mwaka 1981 wakati helmeti za aina hii zilipoanza kuuzwa. Siku ya mtihani wa 6G, bomba limefungwa kwa nyuzi 45 na haligeuzwi, unalifuata wewe kwa kuinama na kujikunja, kioo hakikunifungukia hata mara moja. Nililiona dimbwi la chuma lilivyo, rangi yake halisi, si ile kijani ya chupa ya bia.

Kijana wangu wa Mbale, kama leo unachomelea mageti, nunua ya bei rahisi, lakini yenye alama ya EN 379 na namba zake nne zimeandikwa kwenye kichujio chenyewe, si kwenye boksi tu. Boksi linachapishwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji kule Kampala, mchana mmoja. Angalia kama betri inafunguliwa. Zilizozibwa, betri ikifa umebaki na kofia. Tafuta kichujio cha milimita 110 kwa 90, kwa sababu hicho kinapatikana mahali pengi, wakati za bei kali nyingi zina umbo lake na plastiki ya mbele utaitafuta Kampala au Nairobi. Mimi nikipata, nanunua za akiba. Dukani, washa kiberiti cha gesi karibu na sensa uone kama kioo kinashtuka. Kisha angalia alama tena. Nimesema alama? Nasema tena.

Kama unataka mabomba, na najua unataka, anza kuweka pesa pembeni leo. Punguza bia, punguza kubeti. Vijana mnalipa simu ya kukunja kwa mkopo halafu mnalalamika helmeti ni ghali, na simu hiyo mtaitazama kwa macho gani? Mtu anayejiheshimu hununua chombo cha kazi kabla ya viatu. Na usimwazime mtu. Atairudisha kioo kimejaa cheche, au ameiacha kwenye hali ya grainda, ambapo kioo hakijitii giza, nawe ugundue ukishawasha mshono wa kwanza.