Uvundo ndani ya mashine ya kufulia

Kila mvua zikianza, mezani kwetu hujaa maswali ya mashine za kufulia. Mengi yanafanana, kwa hiyo mwezi huu tumechukua manne, na la kwanza tumelijibu kwa kirefu maana ndilo mama wa mengine.

SWALI: Habari za kazi. Nina mashine ya mlango wa mbele, ya kilo saba, huu mwaka wa pili. Nguo zikitoka zinanuka kama dekio lililolala kwenye ndoo. Nimebadilisha sabuni mara tatu na kuongeza kilainishi, lakini harufu ndiyo kwanza inazidi. Kwenye mpira wa mlango kuna madoa meusi. Mvua ya huku mnaijua wenyewe.
Mama wa nyumbani, Tukuyu

JIBU: Pole sana, mama. Mvua ya Rungwe ina lawama yake, ila sabuni ina lawama kubwa zaidi. Unafua kwa maji ya bomba ambayo msimu wa baridi yanauma vidole. Sabuni ya unga haiyeyuki vizuri kwenye maji ya namna hiyo, na kilainishi kwa asili yake ni mafuta. Vyote viwili hugandia nyuma ya dramu, mahali ambapo jicho halifiki, pamoja na jasho na nyuzi za nguo. Huo ndio ugali wa bakteria na kuvu. Dodoma mashine ikiachwa wazi hukauka upesi. Tukuyu inaweza kulala na unyevu hadi kesho yake, na wewe huenda unaufunga mlango kabisa.

Jipime kwanza. Washa mashine ikiwa tupu, bila sabuni, kwenye nyuzi 40. Baada ya dakika kumi chungulia kiooni. Ukiona povu, hilo ni povu la sabuni ya zamani, na hapo umeshajua mwizi ni nani.

Sasa mpira. Chomoa waya wa umeme, vaa glavu, kisha funua mkunjo wa mpira kwa vidole upande wa chini. Utakuta maji ya kijiko kimoja au viwili, nywele, nyuzi, pengine na sarafu ya shilingi hamsini. Toa vyote, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na hakikisha vile vitundu vidogo vya chini ya mkunjo havijaziba, maana ndipo maji hupita kurudi kwenye tenki. Kwa madoa meusi changanya kipimo kimoja cha jiki na vipimo kumi vya maji baridi, lowesha matambara, yabananishe ndani ya mkunjo kwa nusu saa, kisha futa na usuuze. Dirisha liwe wazi. Doa likibaki baada ya kurudia mara mbili, kuvu imeshaingia ndani ya mpira. Kama hakuna harufu wala utelezi, liache. Kama vipo, badilisha mpira.

Droo ya sabuni nayo huchomoka yote: bonyeza kile kitufe cha katikati huku unavuta. Isugue kwa mswaki mkuukuu, na usisahau dari ya tundu inamokaa, kwani maji hushukia hapo na utelezi mwingi hujificha hapo.

Mwisho zungusha mashine tupu kwenye programu ya pamba ya nyuzi 90, au 60 kama ndiyo mwisho wake, ukiweka vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya unga ya mashine. Kwa maji yetu yanayoingia yakiwa baridi, mzunguko wa nyuzi 60 hula kama uniti moja ya LUKU, na wa 90 huenda kwenye moja na nusu hadi mbili. Mara moja kwa mwezi si gharama ya kulia. Ila usiifanye jiki kuwa dawa ya kila wiki ndani ya dramu: nyuma yake kuna mkono wa aluminiamu wenye matawi matatu unaolishikilia, na klorini huula taratibu mpaka ukatike.

Kuanzia hapo, tumia vijiko viwili tu kwa mzigo wa kawaida, na sabuni iwe ya mashine. Ile ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi, na povu hilo hugeuka godoro: nguo hazisuguani, wala hazisuuziki. Kilainishi acha kwa miezi miwili uone tofauti. Nguo zikiisha zitoe saa hiyohiyo, futa mkunjo, acha mlango na droo wazi. Kama una mtoto mdogo, weka taulo ukingoni ili mlango usijifunge, na mlango wa chumba ndio uufunge.

SWALI: Shikamooni. Mimi natumia ile ya matenki mawili. Nguo nyeupe zinatoka na vipande vyeusi kama karatasi iliyoungua. Je, dramu inaoza?
Kijana wa kupanga, Mbeya mjini

JIBU: Marahaba. Tenki lako ni la plastiki, halina cha kuoza. Vipande hivyo ni utando wa sabuni na kuvu unaobanduka chini ya pulsata, ile sahani inayozunguka. Chomoa umeme, fungua skrubu ya katikati, kisha ivute sahani juu kwa kamba mbili zilizopitishwa chini ya kingo zake. Ukiitoa kwa bisibisi utaipasua. Utakachokiona chini yake kitakuondolea hamu ya kula, lakini ni kazi ya brashi ya kufulia na dakika kumi.

Rudisha sahani, jaza tenki maji ya vuguvugu: nusu yanayochemka, nusu ya bomba. Kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, kwa hiyo mchanganyiko huo unafika kwenye 55 hivi, na plastiki nyingi hazipendi zaidi ya hapo. Anza na ya baridi ndipo uongeze ya moto. Weka vijiko viwili vya sabuni, zungusha dakika kumi na tano, acha saa moja, mwaga. Halafu jaza maji baridi na kikombe kimoja cha jiki, zungusha dakika tano, acha nusu saa, mwaga, suuza mara mbili. Usichanganye jiki na siki, unga wa ndimu wala dawa ya choo yenye asidi, hata tone. Inatoka gesi ya klorini, na bafu dogo la chumba cha kupanga halina pa kukimbilia.

Kile kifuko cha nyuzi kigeuze nje-ndani kila ukimaliza kufua.

SWALI: Nina nyumba ya wageni. Mashine inanuka kama shimo la maji taka, na siku hizi inachukua nusu saa kujaza maji.
Mafinga

JIBU: Hayo ni magonjwa mawili. Harufu ya shimo inapanda kupitia bomba la kutolea maji. Ukilizamisha sana ndani ya bomba la ukutani, hewa chafu na maji hurudi. Ncha iingie kama sentimita kumi na tano, na sehemu ya juu ya mkunjo iwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Kisha fungua chujio la pampu, kwenye kifuniko cha chini mbele. Weka beseni bapa, legeza polepole, lita mbili hivi zitatoka. Pampu ikiwa na pini ya nywele, maji machafu hubaki humo kila siku.

Kujaza taratibu ni tope la mvua. Funga koki, fungua mpira wa maji nyuma ya mashine, chomoa kijichujio kwa koleo na ukisuuze. Masika kifanye hivyo kila baada ya wiki mbili.

SWALI: Jamani, mashine yangu ni safi, lakini nguo zinanuka zikianikwa ndani. Huku baridi ni kali, naweka jiko la mkaa chumbani zikauke.
Makete

JIBU: Jiko litoe nje leo, dada. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, haina harufu, na huua watu usingizini.

Nguo inayokaa mbichi siku nzima hurudishwa uvundo na bakteria waliobaki kwenye nyuzi, hata ikiwa imefuliwa vizuri. Kamua mara mbili kwa kasi ya juu, maana umeme wa kukamulia ni mdogo mno. Anika kwa nafasi ya kiganja kati ya nguo na nguo, suruali igeuzwe mifuko nje, na kama una feni ielekeze kwenye kamba huku dirisha likiwa wazi kidogo. Taulo na soksi zifue kwa nyuzi 60. Sweta za sufu usizipeleke huko, zitamtosha mwanasesere.