Mlango anaoubamiza Nora uko chini

SWALI: Kikundi chetu cha maigizo chuoni kinaandaa "Nyumba ya Mwanasesere" ya Henrik Ibsen. Mwongozaji anataka Torvald, mume wa Nora, awe katili tangu pazia linapofunguliwa, ili Nora akiondoka watu washangilie. Mimi naona tunaharibu. Nani yuko sahihi? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ni wewe. Torvald akiwa katili, Nora anakimbia mume mbaya tu, na hoja ya ndoa inakufa. Huyu ni mume ambaye majirani wangemsifia: anampenda mkewe, hataki kusikia habari za madeni, na ndiyo kwanza kapewa umeneja wa benki. Shida imo humohumo kwenye mapenzi yake. Mama wa watoto watatu anaficha biskuti za lozi mfukoni na kujifuta mdomo kabla ya kumwita mumewe. Kitendo hicho kisipitwe haraka.

Sheria nayo isikike, la sivyo watazamaji watauliza kwa nini Nora hakukopa kihalali. Mchezo ulioneshwa kwanza Copenhagen mwaka 1879. Bi. Linde, rafiki wa Nora, anasema wazi: mke hawezi kukopa bila idhini ya mumewe. Norwei ilimtambua mwanamke aliyeolewa kuwa mtu mzima kisheria mwaka 1888. Basi Nora, akitafuta pesa za kumpeleka Torvald Italia kutibiwa, alighushi sahihi ya baba yake kama mdhamini. Baba alifariki Septemba 29. Sahihi ina tarehe ya Oktoba 2. Krogstad, aliyemkopesha Nora, azitamke tarehe hizo taratibu, maana mtazamaji asipozishika, tendo zima la pili linamponyoka.

Torvald akishajua, anamtukana Nora na kumwambia hataachiwa tena kulea watoto. Hati ya deni ikirudishwa, anapiga kelele: "Nimepona! Nora, nimepona!" Nora anauliza, "Na mimi?" Mkazo uwe kwenye hiyo *ni-*. Angesema "tumepona", huenda mchezo ungeishia hapo.

Baada ya hapo Nora avue vazi la dansi, avae nguo za kila siku, na wote wawili wakae mezani. Vikundi vingi hukosea hapa: Nora anatembea huku na huko akifoka. Ni mazungumzo yao ya kwanza ya maana katika miaka minane, sauti ishuke. Na mlango usibamizwe jukwaani. Ibsen anataka kishindo kitoke chini, kwenye lango la nje, Torvald akiwa peke yake na tumaini limeanza kumwingia. Mpeni mtu wa nyuma ya jukwaa kazi hiyo moja tu.

SWALI: Ni kweli kuna mwisho ambao Nora haondoki? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Kweli. Mwaka 1880 huko Ujerumani, mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuigiza mama anayewaacha wanawe. Hakimiliki haikumlinda Ibsen kule, akaona heri auandike yeye kuliko mwingine auchakachue: Nora anaoneshwa watoto waliolala, anaishiwa nguvu, anaanguka mlangoni. Mwenyewe aliuita ushenzi.