Mimba Imeonekana Ndani. Je, Mirija Nayo Imetazamwa?

SWALI: Daktari, nina mimba ya wiki 6 niliyoipata baada ya kuwekewa viinitete (mayai yaliyorutubishwa maabara) viwili. Ultrasaundi ilionyesha kifuko kimoja katika mji wa mimba, nikaambiwa niko salama. Sasa ni siku ya tatu nasikia maumivu upande wa kulia chini ya kitovu, ingawa sitokwi na damu. Je, yawezekana mimba nyingine ikawa nje?

JIBU: Yawezekana, dada yangu, na kwa kuwa unaumwa, rudi hospitali leo bila kungoja tarehe uliyopangiwa. Kwa wanaoshika mimba kwa njia ya kawaida, hali hii ya mimba moja kuwa ndani na nyingine nje hukadiriwa kutokea mara 1 tu katika mimba 30,000, lakini kwa waliopandikizwa hutokea mara nyingi zaidi, kwani kiinitete kilichowekwa ndani ya mji wa mimba kinaweza kusogea hadi kwenye mrija wa uzazi, hasa ikiwa mrija huo umewahi kuharibiwa na maambukizi au upasuaji.

Kinachoichelewesha kugunduliwa, kwa maoni yangu, ni furaha ya kukiona kifuko cha kwanza: mpimaji huridhika, akaacha kutafuta. Kupima homoni ya mimba katika damu hakusaidii sana, maana mimba ya ndani huipandisha kama kawaida, na kutotokwa na damu si ushahidi wa usalama. Kipimo cha kutegemewa ni ultrasaundi ya kupitia ukeni, ambapo mpimaji hukagua ovari zote mbili, eneo lililo kati ya kila ovari na mji wa mimba, na kama kuna majimaji yaliyotuama nyuma yake. Akiona kiduara chenye ukingo mweupe kando ya ovari, hukisukuma taratibu kwa kifaa huku akitazama: kikiteleza peke yake, shaka ya mimba ya mrija huongezeka, kikienda pamoja na ovari, huenda ni uvimbe wa kawaida wa mimba changa.

Ikithibitika, mara nyingi mrija huondolewa kwa upasuaji wa matundu madogo, na mimba nyingi za ndani huendelea hadi kujifungua. Sindano ya methotrexate, dawa ya kusimamisha ukuaji wa mimba iliyo nje, haifai hapa, kwa sababu ingeidhuru mimba unayotaka kuilinda.

Ukihisi kizunguzungu, ukizimia, au ukiumwa kwenye ncha ya bega, huenda damu inavujia tumboni: usijiendeshee gari, ita msaada wa dharura, na umwambie wa kwanza kukupokea kwamba uliwekewa viinitete viwili.