Faida ya murabaha si riba
Kununua gari kwa murabaha, yaani benki kununua kitu kisha kukuuzia kwa faida, kunaruhusiwa katika Uislamu, wala si mkopo wa riba uliobadilishwa jina, kwa kuwa benki hulinunua kwanza gari lenyewe, hulimiliki na kubeba hasara likiharibika kabla ya kukukabidhi, ndipo hukuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, bei isiyoongezeka hata ukichelewa kulipa. Msingi wake ni Sura Al-Baqara, aya ya 275, iliyohalalisha biashara na kuharamisha riba. Tafadhali kagua tarehe za hati, maana hapo ndipo wengi wanapokosea: ukisaini mkataba wa mauzo kabla benki haijalimiliki gari, mauzo hayo hayasihi, kinachoweza kutangulia ni ahadi ya kununua tu. Faini ya ucheleweshaji, ikiwepo, haiongezi bei wala haiwi mapato ya benki, bali hutolewa sadaka.