Muulize Mwalimu wa Karakana: Wathibiti ubora wakija, usiazime cherehani

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza ukaguzi wa mafunzo ya ufundi, unaofanywa na wathibiti ubora. Nimechagua nne. Kwa msomaji mgeni: nilifundisha kuchomelea miaka 14, kisha nikawa mkaguzi wa vyuo na shule zenye karakana hadi nilipostaafu.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkuu wa sekondari ya binafsi mkoani Singida. Tumeanza mkondo wa amali, yaani sekondari yenye mafunzo ya ufundi, kwa fani mbili, ushonaji na umeme wa majumbani. Tumearifiwa kuwa wathibiti ubora watafika mwezi ujao. Ushonaji nina wanafunzi 42 na cherehani 9, mbili zikiwa mbovu. Chuo jirani wako tayari kutuazima 12 kwa wiki hiyo. Bodi inataka nikubali. Unasemaje?

Marahaba, mkuu. Usikubali.

Miaka mingi iliyopita nilikagua kituo kimoja Kanda ya Ziwa. Karakana ya ushonaji ilikuwa na cherehani 20, zimepangwa mistari minne, zimefutwa vumbi hadi zinang'aa. Nikapita moja baada ya nyingine, nainua mguu wa cherehani na kuchomoa bobini. Ya kwanza ilikuwa na uzi wa zambarau. Ya pili uzi mweusi wa suruali. Ya tatu ilikuwa bado imebana pindo la kitenge, sindano imezama katikati ya mshono ambao mwenyewe hakuumaliza. Wanafunzi wa pale walikuwa wanashona sare za shule, nyeupe na bluu.

Nikamwomba msichana aliyekaa mbele atunge uzi. Akaushika uzi, akaitazama sindano, akamtazama mwalimu wake. Mashine ile hakuwahi kuigusa. Tukiwa hapo akaja mama mmoja mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akauliza kwa upole cherehani yake itarudi saa ngapi, maana ana nguo ya harusi ya kukabidhi jioni. Mkuu wa kituo aliinamisha kichwa. Lakini mimi niliyemfikiria usiku ule ni yule msichana. Alikuwa na mwaka mzima pale, wazazi wake wamelipa ada, na watu wazima walikuwa wamemfundisha kwa siku moja kwamba ufundi ni kupanga vitu vipendeze mgeni.

Sasa tufanye hesabu yako. Cherehani nzima ni 7, wanafunzi 42, yaani 6 kwa kila mashine. Vipindi viwili vya dakika 40 vikifuatana, kila mmoja anakaa kwenye mashine kama dakika 13. Huo ni muda wa kupinda pindo moja. Wagawe makundi mawili ya 21. Kundi moja likiwa kwenye mashine, watatu kwa kila moja, lingine liwe mezani linachora na kukata patroni za karatasi. Siku ya pili wabadilishane. Kila mtoto atapata karibu dakika 27 za mashine kwa zamu yake, na ratiba hiyo ibandike ukutani. Zile mbili mbovu mwite fundi wiki hii. Mara nyingi cherehani inayoitwa mbovu shuleni imekatika mkanda au bobini imelegea, na fundi wa sokoni huimaliza kwa asubuhi moja.

Wathibiti watauona upungufu wako na watauandika. Uandikwe. Upungufu ulioandikwa pamoja na mpango wa kuumaliza hupewa muda wa kurekebisha, na bodi yako itashindwa kusema haikujua. Mimi niliandika mamia ya taarifa za namna hiyo na sikumbuki kumwona mkuu aliyeumia kwa kusema "cherehani hazitoshi, na hivi ndivyo tunavyofanya kwa sasa."

Upande wa umeme nitakueleza nilichokuwa naangalia mimi kabla sijafungua faili hata moja. Nasimama mlangoni natafuta swichi kuu: je, mwalimu anaweza kuifikia kwa hatua mbili mwanafunzi akinaswa, au iko nyuma ya kabati? Naangalia kama waya wa ethi umeingia ardhini kweli, maana nimeuona umekatwa nyuma ya ukuta ukiishia hewani. Naangalia mshale wa mtungi wa kuzimia moto kama uko kwenye kijani, na tarehe ya mwisho kuhudumiwa. Kisha naenda kwenye mbao za mazoezi ambazo wanafunzi hufungia waya na soketi. Ubao unaotumika umejaa matundu ya skrubu kama ungo. Ubao laini, mweupe, usio na tundu hata moja, umeshaniambia yote. Mwisho ndipo nafungua leja ya stoo: mita ngapi za waya zilitoka, tarehe gani, kwa moduli ipi, nani alisaini.

Jambo moja la kuieleza bodi. Shule yako iko chini ya wathibiti ubora wa shule wa Wizara ya Elimu kama sekondari nyingine yoyote, lakini amali inakuunganisha pia na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Usishangae kuulizwa maswali ambayo sekondari ya elimu ya jumla haiulizwi: sifa za mwalimu wa fani, vifaa vya kinga, uhusiano wako na mafundi na viwanda vya jirani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ndiyo iliyofungua njia hizi mbili za jumla na amali, na wanafunzi wa kwanza wa mkondo huu walianza 2024. Kazi hii ni changa. Mnajenga mazoea ambayo shule nyingine zitayaiga, kwa hiyo jengeni mazuri.

Mwalimu habari. Kijana wangu anasoma ufundi magari kwenye chuo kimoja huku Mbagala, ghorofa ya pili, juu ya maduka. Nimelipa ada ya mwaka mzima. Nimeambiwa na jirani kuwa chuo "hakitambuliki". Ukutani wana cheti chenye nembo. Nitajuaje?

Mzazi wangu, ghorofa ya pili na ufundi magari? Swali la kwanza liwe hilo: magari yanapandaje huko? Huenda wana gereji mahali pengine. Waombe wakupeleke uione.

Kile cheti cha ukutani kisome, usikitazame tu. Jina la chuo na mahali kilipo vifanane na unapokiona. Angalia tarehe. Angalia fani. Usajili hutazama fani, na hapo ndipo wazazi wengi wanapoumia: chuo kimesajiliwa kwa kompyuta na upishi, kisha kinaongeza ufundi magari na umeme kwa bango la rangi tu barabarani. Chuo ni halali, lakini fani ya mtoto wako haimo.

Kama cheti kina jina la VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huenda ni cha zamani. VETA ilianzishwa kwa sheria ya 1994 na kwa miaka mingi ndiyo iliyosajili vyuo vya ufundi stadi. Kuanzia 2021 kazi ya kusajili na kusimamia ubora ilihamia NACTVET, na VETA ikabaki na kazi ya kutoa mafunzo. Kwa hiyo hakikisha na NACTVET wewe mwenyewe, kwenye tovuti yao au ofisi yao ya kanda. Usimtume mtu wa chuo akuulizie.

Kisha muulize chuo kama kijana ameandikishwa kwa tathmini ya NVA, yaani tuzo ya taifa ya ufundi stadi, ngazi ya 1, na wakuonyeshe namba yake. Asipokuwa nayo atatoka na karatasi ya chuo peke yake. Naye kijana muulize jioni akirudi: wiki hii umefungua nini? Akikuambia "tumesoma mfumo wa breki," mwambie akuonyeshe mikono.

Ukikuta fani haijasajiliwa, dai fedha zako kwa barua, ubaki na nakala, na utoe taarifa. Kijana asikate tamaa. Akiingia gereji ya kweli akajifunza kazi, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: anapimwa kwa kile anachoweza kufanya na kupewa cheti.

Binti yangu aliomba kuchomelea kwenye chuo kimoja hapa Tanga. Siku ya kuripoti akaambiwa wasichana wanawekwa ushonaji, "kwa usalama wao". Hii ni kanuni ya serikali?

Hapana, mama. Hakuna fani ya NVA iliyoandikiwa jinsia.

Mwanafunzi wangu aliyechomelea vizuri kuliko wote kwa miaka 14 alikuwa msichana. Mshono wa kusimama wima huwashinda wengi, chuma kilichoyeyuka kinataka kuteremka na mkono unatetemeka. Wake ulipanda umelaliana kama sarafu zilizopangwa moja juu ya nyingine, kutoka chini hadi juu, haukukatika. Alikuwa anashusha pumzi polepole anapopandisha fimbo ya kuchomelea. Wavulana wawili walijifunza kwake jambo ambalo mimi nilishindwa kuwaeleza.

Nilipokuwa mkaguzi nilikuwa nachukua rejista ya udahili nahesabu wasichana kwa kila fani. Nikikuta kuchomelea hakuna hata mmoja na ushonaji wako 30, naomba fomu za maombi, zile zenye chaguo la kwanza. Fomu husema ukweli ambao rejista imeficha. Kwa hiyo fomu ya binti yako ni ushahidi: omba nakala. Mwombe mkuu wa chuo aandike kwa barua sababu ya kumhamisha. Wengi wakiambiwa waandike hubadilisha uamuzi papo hapo. Wasipobadilisha, barua hiyo ipeleke NACTVET.

Na usalama wanaousema una majina yake: overoli inayomkaa, glovu za saizi yake, kioo cha kinga cha kiwango sahihi, chumba cha kubadilishia nguo chenye komeo. Waulize kipi kati ya hivyo hawana.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha umeme, mwaka wa kwanza kazini, niko kwa mkataba. Mkuu wangu anataka nijaze alama za vitendo kwa moduli mbili ambazo hatukufanya, vifaa havikununuliwa. Anasema wathibiti wanaangalia fomu tu.

Marahaba, mwanangu. Usijaze.

Mkuu wako hajakosea kabisa, na hili linaniuma kulisema. Mwaka mmoja nilifika chuo jioni, gari linanisubiri, bado nina vituo viwili mbele. Fomu za alama zilikuwa kamili, kwa mwandiko mzuri, kila moduli ina tarehe. Karakana ilikuwa imefungwa na mwenye ufunguo amesafiri. Nikasaini. Miezi michache baadaye kijana wa chuo kile, akiwa fildi, alishika waya ulio hai ndani ya boksi la swichi. Hakuna aliyemfundisha kupima kwa testa kabla ya kugusa, ingawa fomu niliyosaini ilisema alipata alama 78 kwenye moduli hiyo. Alipona, vidole viwili viliungua hadi mfupa. Tangu siku ile sikusaini karakana niliyoikuta imefungwa.

Fanya hivi. Kwenye moduli hizo mbili andika "haijafanyika, vifaa havijapokelewa", na tarehe. Ambatisha nakala ya fomu uliyoombea vifaa. Kama uliomba kwa mdomo, andika leo. Vipitishe kwa katibu muhtasi, vigongwe mhuri wa kupokelewa, nakala moja ikae nyumbani kwako. Ongea na mkuu kwa heshima, wawili tu, na umpe njia ya kutokea: orodha fupi ya vifaa vya chini kabisa. Kwa taa, waya wa milimita za mraba 1.5, kwa soketi, 2.5. Roli moja moja inatosha kuanzia, vijana wakifungua kwa uangalifu bila kukata vipande vifupi, makundi matatu yataitumia hiyo hiyo. Vikifika, Jumamosi mbili zitakutosha kwa moduli ya soketi, na unaanza na testa kabla ya kitu kingine chochote.

Niandikie idadi ya wanafunzi na mbao ulizonazo, nikupangie zamu.