Mnazi niliouchora Dodoma

Swali la wiki hii limeuliza kama mti uchorwe ukiwa mbele ya macho au kwa kumbukumbu. Mimi nasema kwa kumbukumbu, lakini kwanza uujue unavyokua.

Nimezaliwa Pangani, nafundisha shule ya msingi Dodoma. Jioni moja mwaka jana nilishikwa na hamu ya nyumbani, nikachukua penseli nikachora mnazi. Shina limenyooka, makuti saba yanayolingana yameinama kama mwavuli, nazi tatu katikati. Nikaupiga picha nikamtumia baba, ambaye alikuwa mkwezi wa minazi mpaka magoti yalipomkatalia. Akanipigia papo hapo: "Mwanangu, mbona makuti yote rika moja? Na huku nitapandia wapi?"

Nimekulia chini ya minazi na sikuwa nimeiona. Mnazi hukua kwa ncha moja tu, kule kileleni, na kila mwezi hivi hutoa kuti jipya. Kuti changa husimama wima katikati kama mkuki, bado limejifunga. Yaliyolitangulia yamepinda kwenda nje, na yale makuukuu ya chini yananing'inia yakisugua shina, yamegeuka kahawia. Kuti likianguka huacha kovu, na makovu hayo ndiyo zile pete tunazochora ovyo ovyo. Nazi nazo hufuata mpango huohuo. Kila kole, yaani shada la nazi, hutoka kwenye kwapa la kuti lake, ndiyo maana mnazi mmoja hubeba vidaka, madafu, koroma na nazi kavu kwa wakati mmoja, vichanga juu, vilivyokomaa chini. Nazi zangu tatu zilizolingana hazikuwa na mama.

Wapo wanaosema bora kunakili picha ya simu. Picha hukupa umbo la mti ule mmoja, saa ile moja. Ukitaka kuuchora ukiwa mchanga au baada ya dhoruba, imekwisha kazi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za mafuta juu ya hadibodi, na hakuwa na chui wa kumkalisha mbele yake mtaani. Wanyama wale walitoka kichwani.

Wanafunzi wangu nawakalisha mbele ya mbuyu dakika kumi, mikono mitupu. Kisha wanaupa mgongo na kuchora. Akikwama anaruhusiwa kugeuka, lakini penseli aiweke chini. Binti mmoja aligeuka mara nne kwa ajili ya tawi moja tu, alitaka kujua linapasukia wapi kutoka shinani. Tawi hilo hatalisahau.

Nami nimechora mnazi mwingine, ambao haupo popote. Upepo wa kusi uliulaza ungali mdogo, kisha ukanyanyuka kuutafuta mwanga, kwa hiyo shina lina kiwiko karibu na ardhi. Safari hii nimeuchonga vidato vya kupandia, upande wa mgongo wa mwinamo, kimoja kushoto kimoja kulia. Baba ameupokea vizuri, ila anasema vidato viko mbali mno, hata kijana angechanika msamba. Sasa navipima upya: kutoka wayo hadi goti, si zaidi.