River Plate walishukaje daraja bila kushika mkia?

Mkuu, umeuliza iweje River Plate, klabu kubwa ya Argentina, washuke daraja 2011 wakati msimu ule hawakuburuta mkia. Ni kanuni. Argentina wakati huo hawakuangalia jedwali la msimu mmoja, walichukua wastani wa pointi kwa kila mechi katika misimu 3. River walibeba ubingwa wa Clausura 2008 (ligi ya nusu ya pili ya msimu), halafu miezi michache baadaye wakamaliza wa mwisho kwenye Apertura ya mwaka huohuo (ligi ya nusu ya kwanza ya msimu uliofuata, 2008/09). Sasa angalia balaa: pointi za ubingwa zilikuwa za msimu wa 2007/08, hivyo 2011 hazikuhesabiwa tena. Za kushika mkia zilikuwa bado zimo! Msimu wa 2010/11 walicheza kwa afadhali, ila hesabu ilishaharibika, wakaangukia mechi za mchujo na Belgrano ya daraja la pili.

Kule Córdoba, nyumbani kwa Belgrano, wakapigwa 2-0. Marudiano Juni 26, pale Monumental, uwanja wa River, Pavone wa River alifunga mapema. Farré wa Belgrano akasawazisha, kisha Pavone huyohuyo akapiga penalti na kipa wa Belgrano, Olave, akaipangua. Mechi ilivunjika dakika za mwisho kwa vurugu za mashabiki, matokeo yakabaki 1-1. Klabu ya tangu 1901, kabla ya hapo ilikuwa haijawahi kushuka hata mara moja.

Na kinachochekesha (kama si shabiki wa River), wengi wanaamini mfumo ule wa wastani uliletwa miaka ya 1980 kuzilinda timu kubwa.

Walirudi 2012, na 2015 wakabeba Libertadores, kombe la klabu bingwa Amerika Kusini.